Kilichobaki Siniani

Nilifungua honda uani, Mtemani,
Jumamosi baada ya chai,
nikapanga kila nilichotoa juu ya sinia la mama,
kulia kwenda kushoto, kama mtu asomaye msahafu:
nati, washa, springi, kabureta na matumbo yake.
Tangi nikaliegemeza kwenye kinu.
Kurudisha ni kinyume chake tu, nikasema,
hesabu ya mtoto wa chuoni.

Magharibi umeme ukakatika, nimebakiza nati tatu.
Tochi ya simu nikaibana kwa meno.
Nikakaza, nikapangusa, nikapiga kiki:
ikakohoa, ikatema, ikawaka.
Ikawaka, wallahi, na mimi si fundi,
mimi karani wa mizani kituo cha karafuu,
mtu ambaye gramu ikipotea hapati usingizi.

Na siniani pamebaki kitu.

Kidogo, cha manjano yaliyofifia,
mviringo, wazi huku na huku,
chaingia kidole gumba mpaka kwenye fundo.
Ukingo mmoja una vijino kama sarafu,
wa pili umekatwa na mtu mwenye haraka.
Pete si pete. Bomba si bomba.

Nikakitia mfukoni, nikakizungusha mji.
Fundi Shaame akakiuma kwanza, ndipo akasema:
"Hichi si cha honda. Cha cherehani hichi."
Bi Raya akakitazama juu ya miwani:
"Cherehani gani? Labda ya Shaame mwenyewe."
Muuza spea wa Chake akafungua kitabu cha michoro,
kurasa mia na kumi, kila kipande na namba yake,
akakifunga. "Hakimo. Na kisichokuwemo, kaka, sikiuzi."
Thuweni wa jirani, miaka sita, akakipuliza.
Kikalia fiii.
Katika majibu yote, lake ndilo lililokuwa na ushahidi.

Siku nne nimelala nacho chini ya mto.
Usiku naifungua honda kichwani, bolti kwa bolti,
na kila nikimaliza kuifunga
kimoja kimo mkononi.
Honda inakwenda, hilo ndilo lililoniuma.
Inakwenda bila ya kitu chake,
kama tunavyokwenda sisi nyumbani.
Ila pale njia inapoharibika huanza sauti,
kete-kete-kete, chini ya tangi,
kijiko ndani ya kikombe kitupu.

Alhamisi narudi na boflo mbili.
Mama yumo jikoni anakuna nazi.
Mbuzi ikanyamaza.
Nimezima, sijashuka,
akatoka na machicha mikononi,
akatazama nyuma yangu, njiani,
akatazama tena.
"Mbarouk?"

Kaka yangu Mbarouk yuko Maskati, mwaka wa tisa huu.
Huleta fedha, huleta salamu,
huleta picha ya gari ya tajiri wake.
Haleti tarehe.

"N'nasikia honda yake," akasema,
"ile sauti ya mwanzo, kabla hajaitia dawa.
Ilikuwa ikilia hivyo tangu kona ya msikiti,
nami natia wali motoni."

Nikatoa kile kitu mfukoni.
Akakigeuza mara moja tu,
machicha yakakipaka weupe.
"Mwizi mkubwa! Shingo ya kandili langu!
Nimeitafuta mpaka chooni,
nikamsingizia paka,
nikamsingizia wifi yangu, naye sasa marehemu,
Mungu aniwie radhi."

Basi ndivyo. Aliikata kwa msumeno,
akaivisha bolti ya tangi,
makelele yakafa, na kandili likafa,
na mwezi wa pili yake akapanda boti.

Spana namba kumi ninayo. Kazi ya dakika tano.
"Nikirudishe?"
Mama akakitia kwenye pindo la kanga,
akakaza fundo.
"Kesho," akasema.
"Hebu nenda tena mpaka kona ya msikiti, urudi.
Usiende mbio.
Mie natia wali motoni."